Mkono wa Kushoto Mfukoni

Hapo kale, kale ya juzi tu, palikuwa na nchi ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu kibali cha kulitaja bado kimelala mezani kwa mtu. Ilikuwa nchi iliyokamilika. Ilikuwa na bendera, wimbo, wizara tatu za maji na bomba moja. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu: wananchi wake hawakuwa na moyo wa kujitolea. Watu walipikiana misibani, waliuguziana wagonjwa na kuleleana watoto, lakini hakuna aliyekuwa amejaza fomu, na Serikali haiwezi kuamini kitu ambacho hakijajazwa.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Hiari. Siku ya kwanza ilipofungua milango ikatangaza kwamba, kuanzia sasa, kujitolea ni lazima.

Tangazo hilo liliwafikia Udugu wa Simoni wa Kirene, wanaume Wakatoliki thelathini na wawili wa parokia ya Kilima Kimoja, waliokuwa na mishipi ya zambarau, fimbo za maandamano na katiba yenye kurasa nyingi kuliko wanachama. Wizara ililipenda sana jina lao. Waziri aliposimuliwa kwamba huyo Simoni alikuwa akirudi zake shamba, akakamatwa na askari na kubebeshwa msalaba usio wake, alitoa leso akafuta macho. "Kumbe!" akasema. "Huyo ndiye mfanyakazi wa hiari wa kwanza."

Waraka ulifika mwezi Machi. Kila chama cha kidini kionyeshe saa elfu tisa za huduma kabla ya tarehe thelathini na moja Desemba. Chama kitakachopungukiwa kitafutwa, na wahitaji wake watahamishiwa Kituo cha Taifa cha Wahitaji. Kituo hicho kilisifiwa sana na magazeti. Hakuna aliyewahi kutoka humo akalalamika. Hakuna aliyewahi kutoka.

Sasa, Udugu ulikuwa na mhitaji mmoja tu mwenye namba ya Wizara. Wengine maombi yao yalikuwa yanashughulikiwa. Huyo mmoja ni Bibi Rozina, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, aliyekuwa mpishi wa seminari zamani, na ambaye sasa miguu ilikuwa imegoma na mdomo ukabaki kazini. Na kwa miaka mitatu aliyekuwa akimwogesha, kumgeuza na kumbadilishia shuka kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kwenda kazini kwake, alikuwa Eufrasia, ambaye watu walimwita Mama Kizito.

Eufrasia alikuwa na watoto watatu, stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na mume mmoja, Anakleti, mwanachama wa Udugu. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwogesha Bibi Rozina kwa sababu bibi alikuwa mchafu na maji yalikuwepo. Hakuwahi kufikiria kwamba jambo hilo lina jina.

*

Mkutano wa dharura uliitishwa ukumbini. Eufrasia aliitwa kwa ajili ya ile stashahada, akaazimwa kutoka kazini kwake, akapewa cheo cha Karani wa Saa na kiti kisicho na egemeo.

Mwenyekiti, Bwana Telesfori, alikuwa mkaguzi mstaafu wa mizani. Maisha yake yote alikuwa amepima mawe ya wauza nyama, na dhamiri yake ilikuwa imenolewa hadi ikawa inamkata mwenyewe.

"Ndugu zangu," akaanza, "saa tutazipata. Tatizo langu ni la kiroho. Injili inatuambia tukitoa sadaka, mkono wa kushoto usipate habari za mkono wa kulia. Sasa Wizara inataka tuandike. Tukiandika, wa kushoto si utajua?"

Halikuwa swali la kuchezewa.

"Tuandike kwa wa kulia," akasema Anakleti.

"Na wakati wa kufagia, wa kushoto utakuwa wapi? Si umeshika ufagio huo huo? Utajua tu!"

Padre, aliyekuwa amepita kuchukua funguo zake, akasema mlangoni: "Maana yake ni msijionyeshe, basi." Katibu akaandika katika kumbukumbu: *Padre alichangia.*

Baada ya saa nne, ambazo Eufrasia aliambiwa azihesabu kuwa huduma, azimio likapita. Kila ndugu, awapo katika huduma, mkono wake wa kushoto utakaa mfukoni, usione wala usishike. Ambao suruali zao hazina mfuko watashonewa mfuko kwenye mshipi. Ndugu Baltazari, ambaye ni wa mashoto, aliambiwa asubiri jibu kutoka Roma.

"Mifuko itashonwa na nani?" Eufrasia akauliza.

"Akina mama," akasema Mwenyekiti kwa upole. "Nyie mikono yenu haina tatizo hilo."

*

Jumatatu saa tatu asubuhi, baada ya chai, ndugu thelathini na wawili wakawasili nyumbani kwa Bibi Rozina wakiwa na mishipi yao. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Waliobaki nje walikaa kwenye viti vya plastiki, kwa kuwa mwongozo wa Wizara ulisema kila huduma iwe na shahidi, na kushuhudia nako ni huduma.

Mtu mmoja hawezi kukamua shuka kwa mkono mmoja. Hilo liligunduliwa mapema. Walisimama wawili wakitazamana, huyu akishika pembe hii na huyu ile, kila mmoja na kiwiko cha kushoto kimechomoza mfukoni kama kishikio cha birika, wakaisokota shuka mpaka ikawaponyoka ikaanguka mchangani. Ikafuliwa upya. Dakika arobaini, mara watu wawili, pamoja na mashahidi wanne. Eufrasia, kwenye meza yake barazani, alijumlisha: saa nne kamili kwa shuka moja, na bado haijakauka.

Ndoo ya maji ilibebwa na wanne. Uji ulikorogwa na mmoja huku mwenzake akishikilia sufuria na wa tatu akishikilia kofia ya yule wa pili. Bwana Telesfori alizunguka huku na huko akiwa amefurahi.

"Unaona, Mama Kizito? Kazi ya mtu mmoja sasa inafanywa na sita. Hii ndiyo nguvu ya umoja!"

Kumgeuza Bibi Rozina ndiko kulikokuwa kazi. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Wanaume wanne waliingia, wakapanga mikono minne ya kulia chini ya mgongo wa bibi, wakahesabu moja, mbili, tatu kwa jina la Utatu, wakamwinua kiasi cha kiganja, wakamrudisha pale pale.

"Jamani," akasema Bibi Rozina akitazama dari, "mmekuja kunihudumia au kunipima uzito?"

"Vumilia, Bibi. Ni mambo ya kiroho."

"Nimewapikia mapadre miaka arobaini na mmoja. Hata mmoja sijamwona akila kwa mambo ya kiroho."

*

Mwanzoni Eufrasia hakujali. Alikwenda saa yake ile ile ya kumi na mbili, akapiga hodi, akasema "Shikamoo Bibi," akajibiwa "Marahaba, mwanangu, funga mlango kuna baridi," akafanya kazi yake kwa dakika thelathini na tano. Ndugu walipofika saa tatu walimkuta bibi anang'aa kama sahani ya Pasaka.

Na ili awe mtu wa haki, akajaza fomu. Wiki ya pili ikarudi kutoka kwa kamati ya uhakiki ikiwa na mstari mwekundu. Penye *mikono iliyotumika* alikuwa ameandika *miwili*. Pembeni palikuwa na mwandiko wa Bwana Telesfori: *Mkono wa kushoto ulijua. Haikubaliki.*

Siku hiyo hiyo Mwenyekiti akamwita kando.

"Mama Kizito, nitasema kama baba yako. Unatuhujumu."

"Mimi?"

"Ndugu wakifika wanakuta ameshaogeshwa. Watamwogesha nini? Jana wamekaa saa mbili wakiangaliana. Saa mbili ambazo haziandikiki! Tukikosa elfu tisa, chama kinafutwa. Chama kikifutwa, unajua Bibi Rozina anapelekwa wapi."

Eufrasia alijua. Mjomba wake alikwenda huko na sanduku jipya. Sanduku ndilo lililorudi.

"Kwa hiyo nimwache?"

"Uwaachie wahudumu huduma yao. Wewe hesabu."

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa mezani akila ugali, wa kushoto mfukoni kwa mazoea.

"Mwenyekiti ana hoja," akasema Anakleti.

"Toa huo mkono."

"Nimezoea tu, Mama Kizito."

"Toa huo mkono ukachukue hiyo ndoo, au nitaushonea humo humo."

Anakleti akautoa. Lakini kesho yake aliurudisha, na kesho yake Eufrasia hakwenda saa kumi na mbili. Alipiga hesabu kama mtu anayeuza mbuzi ili kunusuru shamba: miezi tisa ya kuhudumiwa vibaya, dhidi ya Kituo. Akachagua miezi tisa. Wenye kulaumu walaumu; wao hawakuwa na bibi wa kumchagulia.

*

Mwezi Juni akamwambia Mwenyekiti: "Mzee, mwaka una saa elfu nane mia saba na sitini. Mhitaji wetu ni mmoja. Tukimwandikia elfu tisa, hamuoni kuna kitu hakikai sawa?"

Bwana Telesfori, ambaye hakuwahi kukosea mizani, alifikiri kidogo. "Huo ni mwaka wa kiserikali," akasema. "Sisi tuna mwaka wa Kanisa."

"Nao una siku ngapi?"

"Una neema zaidi."

Mwezi Agosti kidonda kikatokea mgongoni mwa Bibi Rozina, pale mfupa unapokutana na godoro. Kilikuwa kama punje ya harage. Ndugu walikijadili. Kiliandikwa. Kilipewa kamati ndogo. Mwezi Oktoba kilikuwa kama kifuniko cha chupa, na kamati ndogo ilikuwa imeshajitolea saa mia mbili na kumi.

Eufrasia akiwa barazani na daftari alisikia kila kitu kupitia dirisha.

"Ndugu, nisogezeni kidogo kushoto."

"Kushoto hapana, Bibi. Azimio."

Siku moja Bibi Rozina akaita kwa sauti: "Mama Kizito! Upo?"

"Nipo, Bibi."

"Mimi ni mgonjwa wa watu thelathini na wawili, na hiki kidonda hakina hata mmoja. Unaandika hilo?"

Eufrasia alitazama fomu. Haikuwa na mstari wa hilo. Akainama akaendelea kujumlisha, na tarakimu zikamtoka zimepinda, jambo ambalo katika miaka kumi na miwili ya kazi halikuwahi kumpata.

Tarehe ishirini na moja Desemba, saa nane mchana, jumla ikafika elfu tisa. Eufrasia akafunga daftari kwa kishindo, akasimama.

"Zimetimia. Sasa wote tokeni humo nimwogeshe."

Bwana Telesfori akamshika bega, kwa mkono wa kulia. "Polepole, mama. Nimepigiwa simu. Parokia inayoongoza kitaifa wana elfu tisa mia nne. Kuna kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Cha Unyenyekevu."

*

Mkaguzi Mkuu wa Hiari, Bwana Wenseslausi, alifika tarehe thelathini na moja kwa gari tatu, moja ya kwake na mbili za kushuhudia. Alipokea daftari: saa elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Akapiga makofi. Akatoa kikombe, kirefu, chenye masikio mawili, na kwa kuwa kikombe cha masikio mawili hakishikiki kwa mkono mmoja, mikono thelathini na miwili ya kushoto ikatoka mifukoni kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ilikuwa myeupe na laini. Hata Baltazari, ambaye barua yake ya Roma ilikuwa bado haijafika, alipewa nafasi ya kukishika kidogo.

Kisha Mkaguzi akachukua kikokotoo chake, kwa desturi tu.

"Mhitaji ni mmoja?"

"Mmoja, Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti. "Tumemmiminia."

"Na mwaka una saa elfu nane mia saba na sitini." Akabonyeza. "Kwa hiyo huyu bibi amehudumiwa saa mia sita hamsini na mbili ambazo mwaka hauna. Amezitoa wapi?"

Mkaguzi hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyekuta mwizi kanisani. Akaingia chumbani.

"Bibi, umekula huduma ya mwakani."

"Nimekula nini?"

"Saa mia sita hamsini na mbili. Siku ishirini na saba na saa nne. Serikali haikuadhibu, wewe ni mzee. Lakini ni lazima mwaka ukufikie ulipo. Kuanzia kesho hutahudumiwa na mtu yeyote hadi tarehe ishirini na nane Januari, saa kumi alfajiri. Ukihudumiwa kabla, utahesabiwa mhitaji sugu, na wahitaji sugu wana Kituo chao."

Bibi Rozina akamgeuzia uso. "Mwanangu," akasema, "mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mpe pole."

Barazani Eufrasia alimfuata Bwana Telesfori. "Mzee, ana kidonda kama kiganja. Siku ishirini na saba bila kugeuzwa atakufa. Sema neno."

Bwana Telesfori alikuwa amekumbatia kikombe kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli, na jicho lake lilikwenda dirishani na kurudi. "Nimepima mara mbili," akasema polepole. "Hesabu yake ni sahihi, Mama Kizito. Hilo ndilo tatizo. Hesabu yake ni sahihi kabisa."

Akavua mshipi, akaukunja vizuri, akaenda zake. Wenzake wakamfuata. Sheria ni sheria, na walikuwa wamechoka.

*

Mwaka mpya, saa kumi na mbili asubuhi, Eufrasia alifika na beseni, sabuni, shuka mbili na maji ya chumvi ya kidonda. Mlangoni palikuwa na askari wa Wizara ameketi kwenye kiti cha plastiki walichosahau ndugu, na daftari gotini. Jina lake lilikuwa kifuani: Gaudensi.

"Heri ya mwaka mpya, mama. Hairuhusiwi."

"Najua. Andika."

"Nikiandika bibi anachukuliwa. Gari imeegeshwa pale kona." Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu aliyekuwa amesikia ndani, tangu alfajiri, mtu akijaribu kujigeuza na kushindwa.

"Basi usiandike."

"Nimeapishwa kuandika kila mhudumu atakayeingia." Akafungua mwongozo, akausoma kwa kidole kama asomaye barua ya mahari. "Mhudumu. 'Ni mtu mwenye mshipi wa chama.' Una mshipi?"

"Sina."

"'Mwenye fomu.'"

"Sina."

"'Ambaye mkono wake wa kushoto, kwa mujibu wa azimio la chama lililopokelewa na Wizara, umo mfukoni.'" Akainua macho, akaitazama mikono ya Eufrasia. Yote miwili ilikuwa kwenye beseni, na maji yalikuwa yanatoa mvuke.

Askari Gaudensi alifunga mwongozo.

"Mama," akasema, "wewe si mhudumu hata kidogo. Sijui unafanya nini hapa."

"Ninapita tu."

"Pita."

Akapita. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Bibi Rozina: "Nilijua ni wewe. Wengine wanabisha hodi kama wanaogopa mlango utajua." Kisha Eufrasia akatokeza kichwa.

"Wewe! Hicho kitanda kiko ukutani na mgongo umeshikana na shuka. Utakaa hapo kama kigingi? Njoo ushike upande ule."

"Mama, mimi niko kazini."

"Nani amekwambia utoke kazini? Njoo upite na wewe."

Gaudensi akaweka kalamu juu ya daftari na daftari juu ya kiti. Akaingia akiwa ameinama, kofia mkononi, hajui pa kuiweka. Bibi Rozina akageuza jicho moja kumtazama.

"Huyu naye! Mkague kwanza. Yote miwili ipo?"

"Ipo, Bibi," akasema askari, akaionyesha.

Wakamgeuza.

*

Daftari la Januari lilipelekwa Wizarani likiwa safi. Siku ishirini na saba, mstari mmoja kila siku, mwandiko wa Gaudensi: *Hakuna mhudumu aliyeingia.* Waziri alilisoma bungeni kama mfano wa kaya inayotii sheria.

Tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi, baada ya chai, Udugu wa Simoni wa Kirene walirudi na mishipi yao mipya. Walimkuta Bibi Rozina amelala ubavu, shuka imenyooka, kidonda kimefunga kikabaki kovu la waridi, na mwenyewe akilalamika kwamba uji una sukari kidogo. Bwana Telesfori alisimama mlangoni. Alitazama kovu, akatazama beseni lililoinamishwa ukutani likichuruza maji, akamtazama Eufrasia aliyekuwa akikunja shuka. Wenzake walipoingiza wa kushoto mifukoni, wake yeye haukuonekana kupata njia, ukabaki unaning'inia hewani kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Mzee," akasema Eufrasia, "kama haushiki kitu, shika pembe hii."

Wizara nayo ilifanya utafiti. Ikathibitisha kwamba kidonda kilipona kwa nguvu ya zile saa mia sita hamsini na mbili zilizotolewa mapema, na kuanzia mwaka huo kila mgonjwa nchini anatakiwa kuhudumiwa kwanza na kuugua baadaye.

Hadithi ndiyo hiyo. Ikikufaa, nenda nayo. Isipokufaa, fomu ya malalamiko inajazwa kule kule Kituo cha Taifa, na usafiri ni wa Serikali, wa kwenda.